Mbawakawa waigaji wa misitu ya Rungwe: jinsi ya kuelezea spishi mpya bila kudanganywa na rangi

Karibuni watazamaji. Leo tunamfuata mbawakawa mwigaji kuanzia kichakani kwenye msitu wa ukungu wa Mlima Rungwe mpaka apate jina linalotambulika kisayansi.

Vibali kwanza. Utafiti unahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Msitu wa Mlima Rungwe uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Ukivuka kuingia msitu wa Livingstone, uko ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo, na hapo mwenyeji ni TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Mdudu aliyekusanywa bila kibali hatakusaidia, kwa sababu majarida mengi hukuuliza namba ya kibali.

Sasa tazama wadudu hawa wawili juu ya jani moja. Wote ni wa rangi ya chungwa, na ncha za mabawa ni nyeusi. Wa kushoto ni wa familia ya Lycidae: ukimbana kidogo anatoa kimiminika kichungu, na ndege aliyekwisha kumwonja humwacha. Wa kulia ni wa familia ya Cerambycidae, amevaa tu sare ya mwenzake. Uigaji wa namna hii ulielezwa na Henry Walter Bates mwaka 1862. Fritz Müller akaongeza mwaka 1878 kwamba hata spishi zenye kujilinda kwa sumu hufanana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo ndani ya Lycidae peke yake unaweza kukuta spishi kadhaa za rangi ileile kwenye kichaka kimoja. Rangi isikuamulie chochote.

Kukusanya: tandika shuka jeupe la mita moja kwa mita moja chini ya tawi, gonga tawi kwa fimbo mara tatu au nne, okota haraka. Saa nzuri ni pale jua linapopenya ukungu na wadudu hawa wanapopanda kwenye maua na majani. Okota mwigaji pamoja na anayeigwa, uandike kwamba walikuwa kichaka kimoja. Wapige picha wangali hai, maana rangi ya chungwa hufifia kwenye ethanoli.

Mguu mmoja wa kati, wa upande mmoja tu, uweke kwenye ethanoli ya asilimia 96 kwa ajili ya DNA. Spiriti ya kuwashia jiko haifai. Imechanganywa na kemikali nyingine zinazoweza kuharibu DNA. Mwili uliobaki ukaushe vizuri. Unyevu wa Tukuyu ni mkali, na kisanduku kisichofunga sawasawa huota kuvu.

Lebo iandikwe siku hiyohiyo, kwa penseli au wino usiochuja: nchi, mkoa, mahali, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, njia ya kukusanya, jina la mkusanyaji. Kwenye latitudo na longitudo weka tarakimu nne baada ya nukta. Hizo hufikia usahihi wa takribani mita 11. Mwezi uandike kwa namba za Kirumi, ili 3 Aprili isije ikasomwa 4 Machi.

Twende kwenye hadubini. Sogea karibu hapa kwenye wayo. Huyu wa Lycidae ana pingili tano, zote zinaonekana. Yule wa Cerambycidae anaonekana kuwa na nne, kwa sababu moja ni ndogo mno na imejificha kati ya ndewe mbili za pingili ya tatu. Angalia pia jicho la mdudu: kwa Cerambycidae wengi limebonyea mbele, likazunguka shina la kipapasio. Kisha mabawa ya juu: ya Lycidae ni laini, na wengi wao wana matuta yaliyosukwa kama wavu.

Familia ikishajulikana, kazi ngumu ni spishi, na jibu mara nyingi liko kwenye viungo vya uzazi vya dume. Mlainishe mdudu kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika 20, toa tumbo kwa pini iliyopinda, litie kwenye hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10, yaani gramu 10 kwa mililita 90 za maji. Vaa glavu na miwani. Pasha moto wa chini, ukague kila baada ya dakika tano. Ukisahau, hata kuta laini unazotaka kuzichora zitayeyuka. Suuza kwa maji yenye tone la siki, chora na upige picha, kisha hifadhi kwenye kichupa chenye gliserini, ukichome kwenye pini ileile ya mdudu. Kichupa kikitengana na mdudu wake, ushahidi umepotea.

Linganisha na holotaipu za spishi jirani, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la kila spishi, siyo picha za mtandaoni peke yake. Kipunji, aina ya tumbili, ni funzo la hapahapa Rungwe: mwaka 2005 aliwekwa kwenye jenasi Lophocebus kwa kuwa alifanana na tumbili wa kundi hilo, mwaka 2006 kielelezo kamili na DNA vikamhamishia kwenye jenasi yake, Rungwecebus.

Sasa andika. Tamka wazi kwamba spishi ni mpya, taja sifa zinazoitenganisha na jirani zake, teua holotaipu moja na useme itahifadhiwa makumbusho gani. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazikatazi maelezo ya Kiswahili, ila zinapendekeza lugha inayosomwa kimataifa. Weka zote mbili, hilo ndilo tunalolipenda. Jina likiwa kivumishi lifuate jinsi ya jenasi: rungwensis kwa jenasi ya kiume au ya kike, rungwense kwa isiyo na jinsi. Jina kama kipunji ni nomino, halibadiliki. Holotaipu ipewe lebo nyekundu, parataipu (vielelezo vingine vya spishi hiyo unavyovitaja kwenye maelezo) za njano, na parataipu uzigawe kwenye makumbusho zaidi ya moja.

Chapisho likiwa la kielektroniki pekee, tangu 2012 lazima lisajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kutoka, na ushahidi wa usajili pamoja na tarehe ya kuchapishwa vionekane ndani ya makala yenyewe. Kagua hivyo viwili kwenye nakala ya mwisho ya mhariri, kabla hujaidhinisha.