Taa kabla ya msumeno: karakana ya useremala ndani ya banda la gari

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Niseme neno langu mapema, kabla hatujachoka: mtu anayegeuza banda la gari kuwa karakana ya useremala, pesa ya kwanza aiweke kwenye taa, ya pili kwenye meza na jiriwa, mashine zifuate. Najua wengi mna picha za misumeno kwenye simu tayari. Ziacheni mfukoni kwanza.

Tazameni mabanda yetu yalivyo. Fundi umeme akija huning'iniza globu moja katikati, kwa kuwa ni mahali pa kulaza gari. Meza ya kazi nayo huwekwa ukutani. Simama sasa kwenye meza hiyo: taa iko mgongoni, kichwa na mabega vinaangusha kivuli palepale unapochora mstari wa kukata. Ukifunga globu kubwa zaidi, kivuli kinakolea tu. Dawa ni kuhamisha taa. Tyubu ndefu za LED zipangwe juu ya meza yenyewe, sambamba nayo, mwanga ushuke kutoka mbele yako na kutoka pande zote mbili.

Kiasi gani? Kiwango cha Ulaya cha mwanga kazini kinataka luksi 300 kwa kazi za mezani kama kuunga na kupaka gundi, 500 kwenye mashine za mbao, 750 kwa kupaka rangi na kung'arisha. Lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa, na luksi moja ni lumeni moja juu ya mita moja ya mraba, basi hesabu yake ni ya shule ya msingi. Banda la mita 3 kwa 6 lina mita za mraba 18. Mara 300 unapata lumeni 5,400. Ila tofali zisizopigwa lipu na bati lenye kutu humeza karibu nusu ya mwanga, kwa hiyo nunua lumeni 11,000 hivi: tyubu sita za futi nne, za wati 18. Zote sita hazifikishi wati 110, wakati globu mbili za zamani za wati 60 zilikula 120 na kutoa lumeni kama 1,400 tu. Kabla hujafikiria tyubu ya saba, paka kuta chokaa nyeupe. Halafu kila mashine ipate taa yake ndogo ya shingo ya kupinda. Na wenye umri mkubwa waongezewe: mwanga unaopenya jicho la miaka 60 ni takriban thuluthi ya ule unaopenya jicho la miaka 20. Baba mkwe akisema haoni mstari, msimcheke.

Rangi ya mwanga nitaigusa tu. Chukua kelvini 4,000 hadi 5,000. Zile tyubu za 6,500, nyeupe ya kibluu, hufanya mninga uonekane kama umepauka, na vanishi uliyoichagua usiku utaikana asubuhi.

Taa ninayoipenda kuliko zote ni ile ya chini. Ukimaliza kupiga msasa, zima taa za juu, laza taa moja ya mkono usawa wa meza, mwanga uteleze juu ya ubao. Hapo ndipo utaona njia za randa, mikwaruzo ya msasa namba 80 uliyodhani umeifuta, na tone la gundi lililokauka pembeni ya kiungo. Mwanga wa kutoka juu huficha vyote hivyo. Mteja naye ataviona jua la jioni likiingia dirishani kwake.

Sasa jambo la hatari. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na tyubu za zamani zenye choki hufifia na kuwaka mara mbili kila mzunguko, mara 100 kwa sekunde. Chukua msumeno wa duara wenye meno 24, unaozunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde. Kati ya mwako na mwako unageuka nusu duara kamili, meno 12, na kila jino linakaa alipokuwa mwenzake. Macho yanakuambia msumeno umesimama. Mota ikipungua kasi kidogo, utauona ukirudi nyuma polepole. Kelele za mashine nyingine zikiwepo, mkono unaweza kuamini macho. Baadhi ya LED za bei rahisi zina tabia hiyohiyo. Kupima ni rahisi: tikisa kalamu haraka chini ya taa. Ukiona kalamu nyingi zimejipanga badala ya ukungu mmoja, hiyo taa usiifunge kwenye mashine.

Vifaa: jiriwa nzito iliyofungwa kwa bolti, randa, patasi mbili tatu zenye makali, kisha drili. Grainda wengi mnayo, basi someni diski. Ya milimita 230 imeandikwa mwisho mizunguko 6,600 hivi kwa dakika, na grainda ndogo huzunguka kama 11,000. Mtu anayevua kinga ili aifunge hapo anaupeleka ukingo wa diski zaidi ya mita 130 kwa sekunde, wakati imetengenezwa kwa 80. Diski yenye meno ya kukatia mbao kwenye grainda siijadili, hapana. Vumbi la mbao liko kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1995, kwa hiyo feni, mlango wazi na barakoa.

Msumeno wa meza nunueni wenye switchi inayojizima umeme ukikatika na isiyojiwasha umeme ukirudi. Wenye kitufe cha kawaida utajikuta umekwenda kuulizia LUKU kwa jirani, huku mashine imeanza kuzunguka yenyewe na watoto wamo bandani. Taa za banda zikae kwenye sakiti yake, mbali na soketi za mashine, msumeno ukiangusha breka usibaki gizani. Na TANESCO wakikata saa mbili usiku, diski bado inazunguka kwa sekunde kadhaa: taa moja ya chaji, inayowaka yenyewe, ining'inie juu ya mashine hiyo. Karibuni kwa maswali.