Bei ya Hisa Inavyopatikana Frankfurt

Ndugu zangu, mmewahi kuuona kwenye televisheni ukumbi wa soko la hisa la Frankfurt, na ule ubao wenye mstari wa DAX, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Ujerumani, ukipanda na kushuka. Biashara yenyewe kwa sehemu kubwa haifanyiki pale. Tangu 1997 inapita kwenye mtambo wa kompyuta uitwao Xetra, na dalali anaweza kuingiza oda ya kununua au kuuza akiwa Paris au London.

Suala la kampuni kuorodheshwa sokoni nitaligusa tu. Kampuni huandaa waraka wa matarajio, yaani maelezo yake kwa wanaotaka kununua hisa, kisha BaFin, mamlaka ya Ujerumani inayosimamia masuala ya fedha, huupitia. Hapa nawaomba msikilize sana: BaFin huangalia kama waraka umekamilika, unaeleweka na haujipingi. Haisemi kwamba kampuni ni nzuri. Hilo apime mnunuzi mwenyewe.

Sasa tuje kwenye bei, ndiko moyo wangu uliko. Saa kumi na moja na nusu jioni huanza mnada wa kufunga: oda hukusanywa pamoja, kisha hupatikana bei moja ya kufungia siku. Tuseme wanunuzi ni watatu: mmoja anataka hisa 300 kwa euro 52, wa pili 200 kwa 51, wa tatu 400 kwa 50. Wauzaji nao: hisa 200 kwa 50, 300 kwa 51, 400 kwa 52. Mnunuzi hukubali bei yake au ya chini yake, na muuzaji bei yake au ya juu yake. Kwa bei ya 50 zitauzika 200 tu. Kwa 52, zitauzika 300. Kwa 51, zitauzika 500. Huchaguliwa bei inayouza hisa nyingi zaidi, basi bei ni 51, kwa wote! Aliyekuwa radhi kutoa 52 analipa 51, na aliyeridhika na 50 anapokea 51. Hakuna bosi aliyeipanga. Na sekunde ya kufunga huchaguliwa kwa bahati nasibu, ili mjanja asivizie dakika ya mwisho kuivuruga bei. Mimi naiona hiyo ni haki kubwa.

Mchana, biashara ikiendelea mfululizo, oda hupanga foleni. Mwenye bei bora hutangulia: mnunuzi anayetoa zaidi, au muuzaji anayetaka kidogo zaidi. Bei zikilingana, aliyewahi ndiye wa kwanza, awe benki kubwa au mstaafu mwenye hisa kumi.

Oda zikishakutana, Eurex Clearing, kampuni inayodhamini biashara hizo, huingia katikati: kwa muuzaji inakuwa mnunuzi, kwa mnunuzi inakuwa muuzaji. Upande mmoja ukifilisika leo usiku, wa pili bado ana wa kumdai.