Mwaka Ulioandikwa Chupani Si Mwaka wa Chupa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nianze na hii niliyoishika. Ni chupa ya Coca-Cola, ya Marekani, na maandishi yaliyonyanyuka kwenye kioo yanataja tarehe 16 Novemba 1915. Wengi wakiisoma watasema basi ni ya mwaka huo. Sivyo. Hiyo ni tarehe ya hataza, siku umbo hili lilipopata ulinzi wa kisheria. Lilichorwa na Earl Dean katika kiwanda cha Root Glass, mji wa Terre Haute, jimbo la Indiana. Chupa zenye maandishi haya zilitengenezwa tangu 1917 hivi hadi 1928. Zikafuata zenye tarehe 25 Desemba 1923, ambazo wakusanyaji huziita chupa za Krismasi, nazo zilitengenezwa takriban kati ya 1928 na 1938. Kwa hiyo chupa ya Krismasi yaweza kuwa changa kwa miaka kumi na mitano kuliko tarehe iliyoibeba. Nalikazania jambo hili kwa sababu kuna watu wanatoa fedha nyingi kununua tarehe, wala chupa yenyewe hawajaitazama.

Basi maandishi tuyaweke kando kwanza, tusome kioo.

Chupa iliyofanyizwa ndani ya kalibu, yaani chombo kinachokipa kioo umbo, hubaki na mstari mwembamba ubavuni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Huo ndio mshono. Weka ukucha wa kidole gumba karibu na kitako, uupandishe polepole ukifuata mshono huo. Mshono ukipotea shingoni kabla ya kufika mdomoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Fundi aliitenga chupa na bomba la kupulizia, akaupasha moto mdomo, akauzungushia koleo la kuuchonga, na koleo likaufuta mshono. Igeuze kwenye mwanga wa dirishani. Mara nyingine utaviona vimistari vya koleo vikiizunguka shingo. Mshono ukipanda mpaka juu ya mdomo wenyewe, hiyo ni kazi ya mashine. Mashine ya kwanza kuitengeneza chupa tangu mwanzo hadi mwisho bila mpulizaji ni ya Michael Owens wa Toledo, Ohio, mwaka 1903, na ilichukua miaka kuenea viwandani.

Sasa utazame mdomo umeumbwa kwa kizibo gani. Kizibo cha bati chenye meno, hiki tunachokifungua kwa opena mpaka leo, kilipata hataza ya William Painter wa Baltimore mwaka 1892. Mdomo wenye ukingo wa kizibo hicho hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Na ikiwa mshono wa chupa hiyo hiyo unaishia shingoni, basi kwa kawaida haivuki sana miaka ya 1910. Alama mbili tu, moja ya mdomo na moja ya shingo, zimeibana chupa ndani ya miaka isiyofika thelathini! Hatua hii ndiyo inayonifanya niipende kazi hii.

Zipo pia chupa zilizofungwa kwa gololi. Mwingereza Hiram Codd ndiye aliyezibuni, na hataza zake ni za miaka ya mwanzo ya 1870. Chupa ilijazwa ikiwa imepinduliwa, gololi ikaangukia pete ya mpira iliyo ndani ya mdomo, kisha msukumo wa gesi ukaibana hapo. Watoto walizivunja ili wapate gololi, ndiyo sababu nzima si nyingi. Lakini tahadhari: Japani na India bado zinauza vinywaji katika chupa za namna hii. Gololi peke yake haithibitishi ukale. Rudini kwenye mshono.

Chupa zenye nembo ya rangi iliyochomewa juu ya kioo sitazikalia. Huko Marekani zilianza miaka ya 1930, basi.

La mwisho ni rangi ya zambarau, na hapa nasema kwa uchungu. Zamani viwanda vilitia manganizi, aina ya madini, ili kioo kiwe angavu bila rangi, zaidi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kioo hicho kikikaa juani miaka mingi hugeuka zambarau hafifu. Siku hizi wapo wauzaji wanaozipiga chupa mionzi ili zikolee upesi, wapandishe bei. Kioo kilichoharibiwa hivyo kimepoteza ushahidi wake. Ukiona zambarau nzito kama wino, usilipie rangi.

Mlioleta chupa zenu, zileteni mezani. Tutaanza na shingo.