Kabla ya kusimika Project Server, nionyesheni kalenda yenu

Wakuu wa TEHAMA, mameneja wa miradi, ndugu zangu, kila nikialikwa naulizwa swali lilelile: seva iwe na ukubwa gani? Project Server, programu ya Microsoft ya kupanga na kufuatilia miradi ya taasisi nzima, inakaa ndani ya SharePoint, jukwaa lao la tovuti za ndani na nyaraka, chini yake kuna hifadhidata ya SQL Server, na mtaalamu wa mifumo akishapewa leseni na vibali atamaliza kazi yake. Sina wasiwasi naye. Wasiwasi wangu ni juu yenu mlioketi hapa, maana yapo mambo ambayo yeye hawezi kuwaamulia. La kwanza ni kalenda.

Ndiyo, kalenda. Nimelisema kila mahali na leo nalisema tena. Programu hii inakuja na kalenda iitwayo Standard: Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa sita, kisha saa saba hadi saa kumi na moja. Haina sikukuu hata moja. Chukueni kazi ya siku 10 inayoanza Jumatatu, tarehe 30 Machi 2026. Mfumo utawaambia inaisha Ijumaa, tarehe 10 Aprili. Sasa hesabuni wenyewe: tarehe 3 ni Ijumaa Kuu, tarehe 6 Jumatatu ya Pasaka, tarehe 7 Karume Dei. Siku tatu zimekwenda, kazi inaisha Jumatano tarehe 15. Hiyo ni kazi moja tu! Mradi wa barabara una mamia ya kazi zinazosubiriana, na mkataba una tarehe ya makabidhiano na fidia ya ucheleweshaji.

Kuna atakayesema, "Sikukuu tutaziingiza baadaye." Baadaye lini? Kalenda ya taasisi ikibadilishwa wakati miradi imeshaingizwa, ratiba inakokotolewa upya na tarehe zinasogea. Meneja anafungua mradi wake, anakuta ratiba aliyoipitisha imehama na yeye hajagusa kitu. Siku hiyohiyo anarudi kwenye Excel, na kumtoa huko tena ni kazi.

Mwingine ataniambia Iddi haina tarehe, inategemea mwezi kuandama. Kweli kabisa, na ndiyo sababu nataka kalenda iwe na mwenyewe, mtu mwenye jina na cheo. Mapema mwaka anaweka tarehe ya makadirio, mwezi ukiandama anarekebisha, halafu anawaarifu mameneja wote. Msiwatupie TEHAMA, si kazi yao. Tena kalenda si moja. Ofisi ya serikali inafungua saa moja na nusu na kufunga saa tisa na nusu. Mafundi wa saiti wanapiga kazi Jumamosi. Mwenye msambazaji Muscat, Oman, anajua kwamba kule mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Zote hizo zitengenezwe kabla mradi wa kwanza haujaingizwa.

La pili ni watu. Orodha ya pamoja ya wafanyakazi ipo ili mhandisi akipangiwa miradi mitatu wiki moja, mfumo uonyeshe kwamba amezidiwa. Akiandikwa "Eng. Juma" mradi huu na "Juma Umeme" mradi ule, mfumo unaona watu wawili, kila mmoja na nafasi yake. "Si tutavuta majina kutoka Active Directory, kule ziliko akaunti za kompyuta za wafanyakazi?" Vuteni, lakini atakuja na yule aliyehamishiwa Mtwara mwaka jana ambaye hakuna aliyefunga akaunti yake, na dereva wa greda asiye na akaunti hatakuja kabisa. Watu wa utumishi waisafishe orodha kwanza, jina kwa jina.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, basi haraka haraka. Anzeni na idara moja, kwa miradi halisi inayoendelea. Majaribio yafanyieni kwenye seva ya pembeni. Nakala rudufu isihifadhiwe tu: jaribuni kuirejesha kabla ya uzinduzi. Fomu za saa za kazi nilitaka kuzieleza kwa kirefu, muda hauniruhusu. Wenye Project Online, ile ya mtandaoni isiyohitaji seva yenu, Microsoft wametangaza kuifunga tarehe 30 Septemba 2026. Project Server 2016 na 2019 nazo msaada wake unakoma tarehe 14 Julai mwaka huohuo, kwa hiyo anayeandaa zabuni aangalie toleo jipya la Project Server liitwalo Subscription Edition. Ila zabuni ina hatua zake na itachukua muda. Kalenda na orodha ya watu hazihitaji leseni wala seva. Zianzeni wiki hii.