Mayai ya kichocho

Assalaam aleikum. Nikitaja vimelea, nyote mnafikiria kupe. Leo mwacheni ng'ombe apumzike. Nazungumzia kichocho, na walionisikia mwaka jana watanivumilia, maana nitayasema yaleyale. Habari ya konokono mnaijua: yai likifika majini, kimelea hukulia ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga. Nairuka.

Minyoo wa kichocho hawakai tumboni kama mnavyodhani. Wamo ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu, dume kamfumbata jike mwilini mwake, na wataishi hivyo miaka. Ngozi zao wamezipaka chembechembe za mwili wako mwenyewe, kwa hiyo kinga yako ikipita inamwona ndugu. Kisha mtu ananiambia, "Daktari, mbona mimi mzima?" Wewe mzima. Kibofu chako je?

Mnyoo hana haja ya kukuua. Ukifa, naye kakosa nyumba. Balaa ni mayai. Kila yai lina mwiba nchani, na lazima lipenye ukuta wa kibofu ndipo litoke na mkojo. Ndiyo ile damu ya mwisho wa mkojo. Utotoni tulikuwa tukishindana nani mkojo wake mwekundu zaidi, na mshindi tukamwona kishabalehe! Tunamwonea wivu! Na ile damu, jamani, ni ya mayai yaliyopata njia. Yaliyokwama mwili unayazungushia vinundu, vinundu vinageuka makovu, kibofu kinakakamaa, mkojo unarudi nyuma, figo zinavimba. Wengine huishia kwenye saratani. Mwanamke makovu humfika hadi mlango wa kizazi, akitoka damu anaambiwa ana ugonjwa wa zinaa, na nyumbani hakukaliki. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira.

Najua mtasema watoto wanameza dawa shuleni. Wanameza, na wameze. Lakini prazikwanteli inaua minyoo waliokomaa, wachanga wanaponyoka, na haimwachii mtoto kinga yoyote. Asubuhi kameza, jioni yumo kijitoni anaoga, na mwenzake anakojoa palepale. Ninyi wazee, msicheke, nanyi mnakojoa humo. Na asiniambie mtu mbona baharini hakuna kichocho: konokono huyu maji ya chumvi hayawezi.

Nilitaka kueleza safura na matende, lakini mwenyekiti kanionyesha saa mara mbili. Safura, vaeni viatu na jengeni vyoo. Matende, laleni ndani ya chandarua. Haya, nani ana swali la kichocho?