Megawati Kumi Si Ombi la Kupeleka Dirishani

Jambo kwenu nyote, na asante kwa kuja, hata ninyi wanafunzi mliokimbilia viti vya nyuma.

Anayetaka kujenga kituo cha data hapa Lubumbashi, yaani jengo la kompyuta kubwa zinazohifadhi na kuchakata data, hutafuta kwanza kiwanja, halafu seva, yaani hizo kompyuta zenyewe, halafu waya wa intaneti. Umeme huukumbuka mwishoni, akaenda SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, na barua ya mstari mmoja: naomba megawati 10. Mhandisi wa gridi, yaani mtandao wa kusambaza umeme, afanye nini na barua hiyo? Yeye anataka kujua utazitumia lini zote, mwaka wa kwanza au wa tano. Anataka kujua pia kama volti ikishuka kwa nusu sekunde mitambo yako itavumilia, au itahamia kwenye betri na jenereta papo hapo.

Hilo la volti lilishatokea. Tarehe 10 Julai 2024, katika jimbo la Virginia, Marekani, laini ya kilovolti 230 ilipata hitilafu na volti ikayumba mara kadhaa. Vituo vya data vikajitoa vyenyewe kwenye gridi, megawati 1,500 hivi kwa mpigo. Mitambo ikawa inazalisha umeme usio na mtumiaji, na volti ikapanda. Inga II yote, kituo chetu kikubwa cha umeme kwenye Mto Kongo, ilijengwa kwa megawati 1,424! Sasa fikirieni mteja anayepotea na mzigo kama huo bila kuaga.

Hapa Katanga wenye migodi wametutangulia. Bwawa la umeme la Mwadingusha, la mwaka 1930, lilikuwa limechakaa. Kampuni ya Ivanhoe na wenzake wa mgodi wa shaba wa Kamoa wakaikopesha SNEL fedha za ukarabati, na deni hulipwa kwa kupunguzwa kwenye bili za umeme za mgodi. Mwaka 2021 mitambo yake ilirudi kazini, megawati 78 hivi. Mama mmoja hapa mbele anatikisa kichwa, nami namwelewa: mwenye fedha awashe taa, watu wa mtaa wa Katuba wasubiri? Mimi ningeandika ndani ya mkataba kwamba sehemu ya umeme uliopatikana kwa ukarabati iende mitaani.

Kituo kidogo hakiwezi kufufua turbini. Kinaweza kununua transfoma na kuikabidhi SNEL kwa utaratibu wa namna hiyo hiyo, au kukubali kupunguza matumizi jioni, saa ambazo kila nyumba inapika.

Tena, jifungeni kwa mkataba. Kampuni ya umeme huogopa kuvuta laini kwa ajili ya mteja asiyekuja. Kule Ohio, Marekani, tangu 2025, vituo vikubwa vipya vya data vinavyohudumiwa na kampuni ya AEP Ohio hulipia angalau asilimia 85 ya umeme vilioomba, viutumie au visiutumie.

Kuna watakaosema: sheria ya umeme ya 2014 imefungua milango kwa kampuni binafsi, tutanunua kwa mzalishaji binafsi. Sawa kabisa. Ila kama mtambo wake uko mbali na kiwanja chako, umeme huo utapita kwenye nyaya za nani? Rudini SNEL mkazungumze, na safari hii mwende na ratiba ya mzigo, mwaka kwa mwaka.

Haya, maswali.