Baba Yake Anafanya Kazi Gani?

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, marahaba, kaeni.

Kila mwaka naletewa miswada ya filamu kuhusu vijana waliomaliza shule, na kila mwaka nauliza swali lilelile: baba yake huyu kijana anafanya kazi gani? Mwandishi ananikodolea macho. Mhusika wake ana simu, ana mchumba, ana machozi tele. Wazazi wake hawana hata kazi. Basi leo nalirudia, na natumia filamu moja tu, Breaking Away ya 1979, iliyoongozwa na Peter Yates.

Mji ni Bloomington, Indiana, Marekani. Vijana wanne wamemaliza sekondari, chuo hawamo, kazi ya maana hawana, wanashinda wakiogelea kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa yakajaa maji. Wanachuo wanawaita "wakata mawe", kwa dharau. Mmoja wao, Dave, anawahusudu waendesha baiskeli wa Italia hadi amejigeuza Mwitaliano: ananyoa miguu, anaimba opera, paka wa nyumbani kambandika jina la Fellini, mwongozaji filamu wa Italia. Baba yake, muuza magari yaliyotumika, kachoshwa na vyakula vya Kiitaliano, vile ambavyo majina yake yanaishia na "ini". Anafoka kwamba anataka chipsi! Nimeitazama mara nyingi, na hapo bado nacheka.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipowaitia. Usiku mmoja baba na mwana wanatembea katika viwanja vya chuo kikuu. Huyu baba, kabla ya magari, alikuwa mkata mawe. Na mawe ya chokaa ya Indiana si ya kudharau. Jengo la Empire State kule New York limevikwa hayohayo. Anamweleza mwanawe kwamba mawe ya majengo ya chuo waliyakata wao, na kwamba aliionea fahari kazi yake. Majengo yakapanda. Yalipokamilika, wakayaona ni mazuri mno kwao. Hakuna aliyewafukuza. Walijisikia tu kwamba si mahali pao. Kisha anauliza: bado mnaogelea machimboni? Dave anaitikia. Baba anasema, kumbe miaka ishirini ya jasho lake imewaachia watoto shimo. Dave anajibu kwamba yeye halimsumbui. Baba naye anasema, alipokuwa na umri ule, wala yeye halikumsumbua.

Mmelisikia hilo jibu la mwisho? Ni mzee yuleyule wa chipsi, na sasa koo limetukauka. Linauma kwa sababu tumeambiwa mikono yake ilifanya nini. Ondoeni kazi ya baba, shimo linakuwa bwawa la kuogelea tu, na lile tusi la wanachuo halimchomi mtu.

Kuna atakayesema: mwalimu, hao ni Wazungu wa zamani, sisi wanatuhusu nini? Mwandishi wa mswada huo, Steve Tesich, hakuzaliwa Indiana. Alitoka Yugoslavia akiwa kijana, akasoma chuo hichohicho, na 1962 alikuwa katika timu iliyoshinda mbio za baiskeli za pale, Little 500, ambazo timu ya watu wanne hupokezana mizunguko 200. Tuzo ya Oscar ya mswada ilikwenda kwake, mhamiaji. Nanyi mliozaliwa na kukulia katika mitaa yenu mnaniambia hamjui jirani anaishije?

Na mapenzi je? Yapo. Dave anamdanganya msichana wa chuo kwamba yeye ni Mwitaliano. Ukweli ukijulikana, anakula kibao. Yatosha. Mapenzi mnayaandika bila kufundishwa na mtu.

Nilitaka tufike kwa wale Waitaliano wa kweli, wanaokuja mjini kushindana na mmoja wao akasokomeza pampu kwenye gurudumu la Dave, kijana akarudi nyumbani kulia mikononi mwa baba yuleyule. Nilitaka pia kumsemea mama, ambaye ana pasipoti na hana safari. Huyo peke yake ni mhadhara mzima. Lakini naonyeshwa saa.

Tuingie kwenye maswali. Mwenye mswada, kabla hujaniuliza lolote, simama utuambie mzazi wa mhusika wako anaamka saa ngapi, na akishatoka mlangoni anaelekea wapi.